Vitabu vya watoto vyenye tuzo: Vinachaguliwa Mikocheni, vinasubiriwa Mbagala

Dar es Salaam. Mzazi anayeshuka Mbagala Rangi Tatu na noti ya shilingi elfu kumi, akitafuta kitabu cha hadithi cha kumsomea mtoto wa miaka mitano, ana kazi. Viatu vya shule vipo hadi njiani. Mabegi yenye picha za katuni yananing'inia kila kibanda. Ndani ya steshenari kuna kaunta buku, rula, chati za herufi za kubandika ukutani na mafungu ya mitihani iliyopita ya darasa la nne na la saba. Ukiuliza kitabu cha hadithi, muuzaji huinama chini ya meza, akapangusa vumbi, akatoa vijitabu viwili vitatu vyembamba. Vingine ni vya Kiingereza, na jalada halisemi ni vya mtoto wa umri gani.

Muuzaji hana kosa. Anauza kinachonunuliwa, na mitihani ndiyo inayonunuliwa.

Temeke si wilaya ndogo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,346,674 ndani yake, wengi kuliko Kinondoni yenye watu 982,328. Lakini ukianza kuuliza vitabu vizuri vya watoto vinatoka wapi, nani anavisoma kwanza na nani anaamua kwamba hiki kipewe tuzo na kile kiachwe, majibu mengi yanakuvusha Temeke yote na kukupeleka upande wa pili wa jiji. Ni safari ya nusu siku kwa gari za abiria, foleni ikikubali.

Barabara ya Kilwa inapita Zakhem, Mtoni na viwanja vya Sabasaba. Ukikata kuelekea Tandika unakutana na soko ambalo mama anaweza kumvalisha mtoto kuanzia kichwani hadi miguuni kwa mitumba, na akarudi na chenji. Chang'ombe kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, DUCE, kilichoanza mwaka 2005, kinachoandaa walimu wa sekondari. Kwa hiyo wilaya hii ina watoto, ina wanaosomea ualimu, na ina wazazi wanaolipia tuisheni hata pale ada ya mwezi inapouma. Kinachokosekana ni duka ambalo mtoto anaweza kuingia, akakaa chini, akafunua kurasa kabla mzazi hajalipa.

Safari inapofika katikati ya jiji, mambo hubadilika kidogo. Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Mwalimu Julius Nyerere aliifungua Desemba 9, 1967, siku ya kuadhimisha uhuru, na hadi leo ina sehemu ya watoto. Kwa familia ya Upanga au Kariakoo ni mwendo wa dakika chache. Kwa familia ya Charambe yenye watoto watatu, nauli ya kwenda na kurudi peke yake inatosha mboga ya siku mbili, na bado hakuna aliyekunywa maji.

Si mbali na hapo, Posta, wapo wauza vitabu vya mitumba wanaopanga bidhaa kando ya njia. Hapa mzazi mwenye macho makali anaweza kuokota kitu cha ajabu. Mara mojamoja, katikati ya riwaya za mapenzi na vitabu vya uhasibu, hutokea kitabu cha mtoto kutoka Marekani chenye alama ya duara ya dhahabu au ya fedha kwenye jalada. Watu wengi huiona kama pambo. Ni alama ya tuzo, na nyuma yake kuna kamati.

Watu 15 na siri yao

Tuzo ya Newbery ndiyo kongwe kuliko zote za vitabu vya watoto huko Marekani. Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1922, na inasimamiwa na chama cha wakutubi. Alama ya dhahabu ni ya mshindi, ya fedha ni ya kitabu kilichotajwa kwa heshima. Kamati yake ina watu 15. Kwa mwaka mzima wanasoma vitabu vipya, mamia, kisha wanajifungia kujadiliana. Kila mmoja anapiga kura kwa vitabu vitatu: cha kwanza kinapata alama nne, cha pili tatu, cha tatu mbili. Ili kitabu kishinde, lazima wajumbe wasiopungua wanane wakiweke namba moja, na kiwe kimekizidi kinachokifuata kwa alama nane au zaidi. Isipotimia, wanajadiliana tena na kupiga kura upya. Yaliyosemwa ndani hayatoki nje.

Utaratibu huo una uzuri wake. Mjumbe hawezi kusema tu "nimekipenda", anatakiwa awashawishi wengine kumi na wanne. Una ubaya wake pia: mwandishi aliyekosa hatajua alikosea wapi, na mzazi hatajua kwa nini kitabu alichokiona kikavu kilivikwa dhahabu.

Tuzo pacha ya Newbery ni Caldecott, iliyoanza mwaka 1938, inayotazama picha. Hapa Kiswahili kina hadithi yake. Mwaka 1972 kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili, Moja Means One, kilichoandikwa na Muriel Feelings na kuchorwa na mumewe Tom Feelings, kilitajwa kwa heshima na kamati ya Caldecott. Muriel alikuwa amefundisha Uganda. Miaka mitatu baadaye kitabu chao cha alfabeti, Jambo Means Hello, nacho kikapata heshima hiyohiyo. Kwa hiyo mtoto wa Chicago alifundishwa kuhesabu moja, mbili, tatu kwa picha zilizosifiwa na wakutubi wa nchi nzima, wakati mtoto wa Mtoni Kijichi hadi leo anahesabu kwa chati ya plastiki ambayo mchoraji wake hakutajwa jina.

Vitabu hivyo viliandikwa kwa ajili ya watoto weusi wa Marekani, wapate kuijua Afrika na kuipenda. Haviwezi kulaumiwa kwa kutofika Mtoni. Lakini vinaonyesha jambo moja: kamati humpima mtoto inayemfahamu.

Mchoraji wa Tingatinga

Ukitoka Posta kuelekea kaskazini unaingia Kinondoni. Oysterbay, jirani na Morogoro Stores, wapo wachoraji wa Tingatinga, warithi wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora kwa rangi za kung'aa mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972. Wazazi wengi huona pale ni mahali pa watalii. Simba, twiga, ndege wenye mikia mirefu, bei kwa dola.

Lakini katika mtindo huo huo wa uchoraji alikulia kisanaa John Kilaka, mwenyeji wa Sumbawanga, ambaye leo ni mmoja wa Watanzania wanaojulikana zaidi nje ya nchi kwa vitabu vya picha vya watoto. Kilaka hukusanya ngano kutoka kwa wazee vijijini, akazichora kwa wanyama waliovaa nguo, wanaopika na kuendesha baiskeli. Vitabu vyake vilianza kutoka Uswisi, kwa Kijerumani, kisha vikaenda lugha nyingine. Kimoja, kinachojulikana kwa Kiingereza kama True Friends, kilipata tuzo ya New Horizons huko Bologna, Italia, yanakofanyika maonyesho makubwa ya vitabu vya watoto.

Fikiria mzunguko huo. Ngano ya bibi wa Rukwa inasimuliwa, inachorwa kwa mtindo uliozaliwa Dar es Salaam, inachapwa Uswisi, inatuzwa Italia. Mtoto wa Mwananyamala, anayekaa mwendo wa bodaboda moja kutoka kwa wachoraji wenyewe, huenda asiione.

Mikocheni

Mbele kidogo ni Mikocheni. Mtaa wa Regent Estate una Soma Book Café, mahali palipoanzishwa ili watu wasome, wajadili vitabu na kuleta watoto. Na Mikocheni hiyohiyo ndiko iliko Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ambayo wazazi wengi wanaifahamu kwa mitaala na vitabu vya kiada. TET ndiyo inayoratibu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu.

Tuzo hii ilizinduliwa mwaka 2022, na washindi wa kwanza wakatangazwa Aprili 13, 2023, tarehe aliyozaliwa Mwalimu. Kamati yake ya taifa imeongozwa na Profesa Penina Mlama, mwandishi wa tamthilia ambaye vizazi vya wanafunzi vimemsoma kwa jina la Penina Muhando. Hadithi za watoto ni miongoni mwa nyanja zinazoshindaniwa, pamoja na riwaya na ushairi. Mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10. Cha maana zaidi kwa mzazi ni kwamba serikali huchapa kazi zilizoshinda ili zisomwe shuleni.

Tofauti kubwa na Newbery iko hapa. Kamati ya Marekani inapima kitabu kilichokwisha kuchapwa, kinachoshikika. Tuzo ya Nyerere inapokea miswada ambayo bado haijachapishwa. Kwa nchi yetu huo ni uamuzi wa busara. Wachapishaji wa hapa wanaogopa kuchapa hadithi ambayo hawana hakika ya soko lake, hivyo tuzo ya vitabu vilivyochapwa ingekuwa inazunguka kwa watu walewale wachache. Mswada unampa nafasi mwalimu wa Tandahimba aliyeandika usiku baada ya kusahihisha madaftari.

Ila kwa mtoto wa miaka mitano, mswada ni nusu ya kitabu. Ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari, ugumu wa karatasi inayoweza kustahimili vidole vyenye uji, na picha, ndivyo anavyovikuta kwanza. Mara nyingi hivyo vyote huja baada ya majaji kumaliza kazi. Jaji anaweza kutunuku hadithi tamu ambayo ikifika kiwandani inapewa michoro ya haraka, na mtoto akaifunga ukurasa wa tatu. Katika riwaya ya watu wazima hilo ni dosari ndogo. Katika kitabu cha chekechea ni kama kumpa mtu pilau bila sahani.

Wazo la kuwahakikishia wachapishaji soko halikuanza na tuzo hii. Mwaka 1991, wakati uchapishaji wa ndani ulikuwa umedorora, ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Canada. Mwandishi alipeleka mswada, ukasomwa na kuchaguliwa, mchapishaji akachapa, na mradi ukanunua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni. Vitabu vingi vya Kiswahili vya watoto ambavyo wazazi wa leo walivisoma wakiwa darasa la tatu vilipita njia hiyo bila wao kujua.

CODE ndiyo iliyoleta pia Tuzo ya Burt, iliyopewa jina la mfadhili wake, Mkanada Bill Burt. Ilikuwa ya vitabu vya vijana kwa Kiingereza, na washindi walinunuliwa na kusambazwa. Elieshi Lema alituzwa kwa In the Belly of Dar es Salaam, kinachotazama maisha ya watoto wa mitaani katika jiji hili. Nahida Esmail alituzwa kwa Living in the Shade, kinachohusu ualbino. Ni vitabu vyenye ujasiri. Lakini lugha yake ni ya mtoto ambaye tayari anasoma Kiingereza kwa raha, na huyo si kila mtoto wa Yombo Vituka.

Kamati nyingine

Mzazi aliyefuatilia habari mwanzoni mwa 2023 alikutana na kamati za aina mbili. Februari mwaka huo Wizara ya Elimu ilitangaza kupiga marufuku vitabu 16 shuleni, vikiwamo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na maadili ya Kitanzania. Miezi miwili baadaye, Aprili, serikali hiyohiyo ikawa inakabidhi hundi kwa waandishi.

Watu walibishana sana kuhusu vile 16. Waliozungumzia vitabu vya kuwekwa mahali pake walikuwa wachache. Na hilo ndilo swali gumu zaidi, kwa sababu kuondoa kitabu kwenye kabati ni kazi ya siku moja, na kupata kingine ambacho mtoto atakiomba tena kesho yake huchukua miaka.

Kuna suala jingine ambalo mtu anayeshinda kwenye kliniki za watoto huliona haraka. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa watoto wa tangu kuzaliwa hadi miaka minane, inataja mambo matano: afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Kumpakata mtoto na kumsomea kunagusa mawili kwa mpigo. Mtoto anasikia maneno, na anajua kuna mtu anamtazama. Mhudumu wa afya anaweza kumweleza mama hilo vizuri kabisa. Mama akitoka nje ya lango la kliniki pale Mbagala, na kadi yenye mchoro wa uzito wa mtoto mkononi, kadi hiyo ndiyo maandishi pekee yanayomhusu mtoto ndani ya nyumba yake.

Kamati nazo zimesaidia afya kwa njia ambayo haitajwi. Mghana Meshack Asare aliandika na kuchora Sosu's Call mwaka 1997, kuhusu mvulana asiyeweza kutembea anayefichwa nyumbani kwa aibu, kisha siku ya dhoruba anapiga ngoma na kuokoa kijiji. Kitabu hicho kilipata tuzo ya UNESCO mwaka 1999, na mwaka 2002 kikawekwa katika orodha ya vitabu 12 bora vya Afrika vya karne ya 20. Bila majaji waliosimama upande wake, hadithi ya mtoto mlemavu kutoka mchapishaji mdogo wa Accra isingefika mbali hivyo. Wazazi wenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambao bado wanamfungia ndani wageni wakija, wanajua kwa nini kitabu cha namna hiyo kina uzito kuliko mabango kumi.

Nani aliyeulizwa?

Katika kamati zote hizi, hapa na Marekani, mtoto hayupo mezani. Maprofesa wapo, wakutubi wapo, walimu wapo. Uingereza wameanza zamani kujaribu njia nyingine: tangu 1980 kuna tuzo ya vitabu ambayo watoto wenyewe ndio wanaovijaribu na kupiga kura. Washindi wake si lazima wafanane na wale wa maprofesa, na hakuna ubaya. Mtu mzima husifu funzo. Mtoto husifu panya aliyeanguka kwenye sufuria.

Jambo kama hilo lingewezekana Dar es Salaam bila gharama kubwa. Miswada mitano iliyofika mwisho ikisomwa kwa sauti katika madarasa mawili ya awali, moja Chamazi na jingine Bunju, jaji akiwa amekaa nyuma kimya na daftari, angeona ni ukurasa upi watoto walianza kuchezea vidole na upi walinyamaza. Isiwe ndiyo kura yote, iwe sehemu tu. Kwa sasa Temeke na vitongoji vya mbali vya Kinondoni vinapokea uamuzi kama vinavyopokea ratiba ya maji.

Hadi hapo itakapokuwa, mzazi naye anaweza kuwa kamati ndogo ya nyumbani. Asitegemee alama ya tuzo peke yake, wala asiipuuze. Asome ukurasa wa kwanza kwa sauti pale pale dukani. Kama ulimi wake unajikwaa, wa mtoto utaanguka. Atazame kama picha inaongeza kitu au inarudia tu maneno. Aangalie kama jina la mchoraji limeandikwa, maana mchapishaji anayemheshimu mchoraji kwa kawaida amejali na mengine. Kisha amwulize mtoto kesho yake, si leo. Kitabu kizuri huombwa tena.

Kitabu kikishafika shuleni nacho kina safari yake. Si jambo geni kukuta vitabu vya hadithi vimefungiwa kabatini kwa ufunguo ulioko ofisi ya mwalimu mkuu, kwa hofu kwamba vikiguswa vitachanika na mkaguzi atauliza. Kamati ya shule, ambayo wazazi wamo, inaweza kuuliza ufunguo huo uko wapi. Swali hilo halihitaji bajeti.

Mwisho wa barabara hii upande wa kaskazini ni Tegeta, Boko na Bunju, ambako vumbi la malori ya kiwanda cha saruji cha Wazo huingia hadi madarasani. Huko, kama ilivyo Mbagala, darasa la awali huwa na watoto wengi na nakala moja ya kitabu. Mwalimu husimama mbele, akasoma ukurasa, kisha akakigeuza kitabu na kukizungusha polepole ili kila mmoja aone picha. Walioko mbele hucheka kwanza. Walioko nyuma husimama juu ya benchi, wanashikana mabega, na kabla hawajaona vizuri mwalimu ameshafungua ukurasa unaofuata.